Bakuli Ukutani mwa Kaburi

Chombo cha wali kimefikaje ukutani mwa kaburi? Anayezuru kaburi la mnara la Mambrui, kaskazini mwa Malindi, Kenya, hukuta mabakuli ya kauri yamepachikwa kwenye chokaa, vinywa vikitazama nje. Kwenye magofu ya Gede nako, mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimbua mwaka 1948, vigae vya vyombo kama hivyo vilitoka majumbani na misikitini.

Wengi huviita vyote vya Kichina. Si kweli. Ukitaka kujua asili ya kigae, usianze na ua lililochorwa. Tazama pale kilipovunjikia. Kauri ya China huwa nyeupe au ya kijivu, imeshikana, wala hainywi maji, kwa sababu ilichomwa jokoni kwa joto linalopita nyuzi 1200. Ile ya kijani ya Longquan, China, hupata rangi yake kutokana na chuma kidogo kilichomo katika utando wake wa kioo, joko likinyimwa hewa. Ya samawati huchorwa kwa brashi, kwa rangi ya kobalti, kisha utando hupakwa juu ya mchoro. Ndiyo maana jua na chumvi ya bahari havijaufuta.

Chombo cha Yemeni ni kingine kabisa. Udongo wake una wekundu na chengachenga, na juu yake ni manjano yenye mistari myeusi, kana kwamba mchoraji alikuwa na haraka ya kuwahi jahazi. Mimi hicho ndicho nikipendacho.

Wapo wasemao mabakuli yalipachikwa kukinga husuda. Kwangu sababu iko wazi zaidi: ukuta wa matumbawe na chokaa hauna rangi, na bakuli lililovuka bahari lilikuwa mali ya kuonyeshwa.

Leo kuta nyingi zimebaki na mashimo ya mviringo, matupu, mabakuli yakiwa yameng'olewa. Kwa hiyo ukikuta kigae shambani Gede au Mnarani, Kilifi, kiache palepale, umwarifu ofisa wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya aliye karibu.