Mechi Moja Iliyochana Mkeka

Kuanzia Kariobangi hadi Kayole, lawama ya asubuhi kwenye steji za bodaboda ni ileile: mechi tisa zimekubali, ya kumi ikachana mkeka, yaani ubashiri wa mechi kadhaa ambazo lazima zote zikubali ndipo ulipwe. Mwezi Machi, timu za vyuo vya Marekani zinapocheza mashindano yao ya mpira wa kikapu huku Nairobi imelala, lawama inaweza kuiangukia Duke au Kansas, timu ambayo huenda mwenye mkeka hajawahi kuiona uwanjani. Huyu atasema ni bahati mbaya, yule atasema mechi imeuzwa. Mimi nasema hapakuwa na haja ya kuiuza. Mechi hiyo moja imo ndani ya hesabu tangu mkeka unapopangwa, na hesabu yenyewe inafanyika kwa kikokotoo cha simu ileile iliyotumika kubeti.

Mpira wa kikapu unafaa kwa somo hili kwa sababu hauna sare; timu zikitoshana, huongezwa dakika tano, na tano nyingine, mpaka mshindi apatikane. Tuseme timu kali imepewa odi, yaani kizidisho cha dau, ya 1.10 na dhaifu 8.00. Gawanya 1 kwa kila odi: ya kwanza inakupa nafasi ya asilimia 90.9, ya pili 12.5. Jumla ni 103.4, ilhali nafasi zote za mechi moja haziwezi kupita 100. Hiyo 3.4 iliyozidi ndiyo riziki ya kampuni ya kubeti, nayo imekatwa kabla mpira haujarushwa. Ukiiondoa, timu kali inabaki na nafasi kama 88 kwa 100. Odi, basi, ni bei kama ya nyanya pale Marikiti: ndani yake mna faida ya muuzaji.

Sasa panga timu kumi za namna hiyo, zile zinazoitwa za uhakika, kwa dau la shilingi 50. Zote zikikubali utalipwa kama shilingi 130. Lakini 0.88 ikizidishwa yenyewe mara kumi inatoa 0.28, maana yake katika mikeka 100, ni 28 tu inayopita. La kushangaza zaidi ni hili: mikeka 38 kati ya hiyo 100 itachanwa na mechi moja tu. Kukosa kidogo kunatokea mara nyingi kuliko kushinda! Na ubongo haulichukulii jambo hilo kama hasara ya kawaida. Mwaka 2009, Luke Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba kukosa kidogo katika mchezo wa kamari huamsha sehemu za ubongo zinazoamshwa na ushindi, na humpa mchezaji hamu ya kuendelea. Kijana anayesema “nilikuwa karibu” anasema anachokihisi kweli, ila ukaribu huo haumwambii chochote kuhusu mkeka wa kesho.

Nitaambiwa kwamba watu hushinda. Ni kweli, mwaka 2017 mtu mmoja alipata zaidi ya shilingi milioni 221 kwenye jakpoti ya kampuni ya SportPesa kwa kubashiri mechi 17 za kandanda. Lakini mechi 17 zenye matokeo matatu kila moja zinaweza kupangwa kwa njia 129,140,163. Anayezijua timu hupunguza ugumu huo, ila hauondoi. Hoja nzito zaidi ni ya yule anayefuatilia majeruhi na takwimu usiku kucha. Simdharau, kwa maana maarifa yana thamani. Lakini hata pale kampuni inapoipa timu dhaifu pointi za bure ili pande zote mbili ziwe na odi ya 1.90, lazima apatie mechi 53 katika kila 100 ndipo aanze kupata faida, na hapo anashindana na waliopanga bei wakiwa na takwimu zilezile. Akiziunganisha mechi hizo kumi kumi, makato ya kila moja yanazidishana: kwa mtu asiye na ujuzi wa ziada, katika kila shilingi 100 anazoweka, kwa wastani zinarudi kama 60.