Takataka za Bukavu: zinazima umeme, zinaweza pia kuwasha jiko

Mvua ikinyesha Bukavu, takataka zinashuka na mitaro, zinaingia Ziwa Kivu, halafu mkondo unazipeleka mpaka kwenye bwawa la Ruzizi 1. Pale machupa ya plastiki yanaziba mitambo, umeme unakatika. Kwa hiyo uchafu wetu njo unatuzimia taa.

Wasikilizaji wengi wanauliza: kwa nini tusizichome, tutoe umeme? Addis Ababa, Ethiopia, kiwanda cha Reppie kilifunguliwa mwaka 2018 kwa kazi hiyo. Lakini fungua pubele ya mama yeyote wa hapa: maganda ya ndizi na mihogo, mabaki ya sombe. Ni maji tu. Moto utapoteza nguvu nyingi kuyakausha kwanza. Tena kiwanda kinaomba makamyo ya kukusanya kila siku, na avenue zetu nyingi gari haipandi hata.

Kitu kibichi kinafaa zaidi kwa biogazi. Unakatakata maganda, unachanganya na maji na mavi ya ngombe ya kuanzishia, unatia ndani ya tangi lililofungwa, hewa isiingie. Vijidudu vinakula, vinatoa gazi. Zaidi ya nusu yake ni metani, ile ile inayolala chini ya Ziwa Kivu. Mpira unaipeleka jikoni. Maji mazito yanayobaki ni mbolea.

Tusidanganyane: maganda ya familia moja hayatoshi kupika chakula cha siku nzima. Na vijidudu hivyo vinapenda joto la karibu digrii 35, wakati Bukavu iko karibu mita 1.500 juu, baridi iko. Gazi itakuja polepole. Njo maana tangi linafaa zaidi sokoni, kwenye shule ao restora, fasi uchafu uko mwingi, na liwekwe kwenye jua.

Nyumbani kuna briketi. Maganda yaliyokauka yanachomwa ndani ya pipa lenye hewa kidogo, yanasagwa, yanashikanishwa na uji wa unga wa muhogo, yanaanikwa. Kila gunia linapunguza makala yanayokatwa hadi msitu wa Kahuzi-Biega. Ila usiwashe briketi kwenye nyumba iliyofungwa: gazi yake haina harufu, na inaua.

Plastiki haiingii popote: haiozi, moshi wake ni sumu. Na ile njo inayoziba Ruzizi. Ndiyo sababu kila parsele inahitaji mifuko miwili, mmoja wa maganda, mmoja wa machupa.