Noeli Yenye Watoto Wadogo: Kanisa Linawaomba Nini Wazazi?

Kipindi cha Majilio huanza Dominika iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, na tangu siku hiyo Mama Kanisa huwaalika wanawe kukesha, kusali na kusubiri. Katika nyumba yenye mtoto wa miezi minane na mwingine wa miaka minne, wazazi wanakesha tayari, ingawa kwa sababu nyingine. Shule zimefungwa, watoto wakubwa wapo nyumbani kutwa nzima, maandalizi ya safari yamekaribia, fundi cherehani hajamaliza nguo za sikukuu, na mtoto mdogo ameanza kukohoa. Mama anayesimama katikati ya mambo hayo hujiuliza kimoyomoyo kama Majilio yake yana thamani yoyote mbele ya Mungu, maana hajahudhuria mafungo, hajafika Jumuiya wiki ya pili sasa, na Rozari ya jioni huishia fumbo la pili kwa sababu yeye mwenyewe amesinzia.

Makala hii inaandikwa kwa ajili ya mama huyo na mume wake. Wazazi wengi wa watoto wadogo hubeba mwezi wa Desemba mizigo ambayo Kanisa halikuwatwika, na mara nyingine huiacha njiani ile michache ambayo kweli limewakabidhi.

Tuanze na wajibu wa Misa. Kanuni ya 11 ya Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 yaeleza kwamba sheria zilizowekwa na Kanisa lenyewe huwabana Wakatoliki wenye matumizi ya kutosha ya akili na waliotimiza umri wa miaka saba. Mtoto wa miaka minne, basi, hana kosa lolote akibaki nyumbani siku ya Noeli kwa sababu ya homa. Kuhusu wazazi, Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2181, inafundisha kwamba waamini wanao wajibu wa kushiriki Ekaristi siku zilizoamriwa, isipokuwa wanapozuiliwa na sababu nzito, na katika mifano michache inayoitaja, mmoja ni malezi ya watoto wachanga. Ni jambo la kufariji kwamba Kanisa, likitafuta mfano wa sababu nzito, halikwenda mbali. Lilimtazama mama aliyempakata mtoto. Wazazi wanaopokezana, baba akienda Misa ya kwanza na mama ya pili, hawajaivunja familia. Wametimiza wajibu wao na kumlinda mtoto.

Haina maana kwamba watoto wadogo wabaki nyumbani mpaka watakapopata Komunyo ya Kwanza. Mtoto aliyebatizwa ni kiungo cha Mwili wa Kristo na nafasi yake ni kanisani. Tofauti iliyopo ni kati ya haki na sharti: mtoto ana haki ya kuwapo, lakini hakuna anayepaswa kumburuta akiwa mgonjwa, au saa ambayo mwili wake hauwezi.

Suala la saa lina uzito wa pekee wakati wa Noeli, kwa sababu waamini wengi huamini kwamba Misa ya usiku ndiyo Noeli yenyewe na nyinginezo ni za waliochelewa. Misale ya Kiroma inatoa Misa nne kwa Sherehe ya Kuzaliwa kwa Bwana: ya mkesha, ya usiku, ya alfajiri na ya mchana. Kila moja ina masomo na sala zake, na ye yote ashirikiye mojawapo ametimiza wajibu. Injili ya alfajiri yasimulia jinsi wachungaji walivyokwenda kwa haraka wakamkuta mtoto amelazwa horini, na ile ya mchana ni utangulizi wa Injili ya Yohane. Familia yenye watoto wanaolala saa mbili usiku ikichagua Misa ya asubuhi, haijachagua kilicho duni. Kinyume chake, mtoto aliyelala vizuri huimba.

Na akilia? Hapa neno linawahusu zaidi wale wanaokaa mabenchi ya mbele. Tarehe 12 Januari 2014, katika Kikanisa cha Sistina mjini Vatican, Hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliwabatiza watoto 32, na katika mahubiri yake aliwaambia akina mama wasisite kuwanyonyesha watoto wenye njaa palepale. Ikiwa jambo hilo liliwezekana chini ya michoro ya Michelangelo, linawezekana pia katika kigango chetu chenye mabati na viti vya plastiki. Mwongozo wa Misa pamoja na Watoto, uliotolewa na Makao Makuu ya Kanisa mwaka 1973, ulikwisha kufikiria watoto wasioweza bado kufuatilia ibada: unaruhusu watunzwe mahali pa karibu na wasaidizi wa parokia, kisha waletwe mwishoni wapate baraka pamoja na jumuiya nzima. Parokia yenye vijana wawili watatu waaminifu na chumba cha katekesi inaweza kufanya hivyo bila gharama. Lakini kumtazama mama kwa jicho kali hadi atoke nje akasimame juani hakumo katika mwongozo wowote.

Mizigo ambayo Kanisa limewakabidhi wazazi ni myepesi kuliko wanavyodhani, nayo iko nyumbani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Lumen Gentium, namba 11, unaiita familia kuwa kama Kanisa la nyumbani, na wazazi kuwa watangazaji wa kwanza wa imani kwa watoto wao. Mtoto wa miaka mitatu hatakumbuka mafundisho kuhusu Umwilisho, bali atakumbuka kilichowashwa, kilichoimbwa na kilichoshikwa mkononi. Mishumaa minne ya dukani iliyopangwa kwenye sahani, ukiwashwa mmoja Dominika ya kwanza, miwili ya pili, na kuendelea, inamfundisha kusubiri kuliko maelezo ya nusu saa. (Iwekwe juu ya kabati, si juu ya kitambaa cha meza, wenye watoto wanaotambaa wanajua kwa nini.) Tangu tarehe 17 hadi 24 Desemba, liturujia inapoelekeza macho moja kwa moja Bethlehemu, sala ya jioni inaweza kuwa Baba Yetu, Salamu Maria na wimbo mmoja. Dakika tano zinazosaliwa kila siku zitakaa rohoni kuliko Rozari nzima inayosaliwa kwa ugomvi.

Pango la Noeli lilizaliwa kwa hitaji hilohilo la kuona na kugusa. Usiku wa Noeli wa mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliomba liandaliwe hori lenye nyasi kavu, pamoja na ng'ombe na punda, na Misa ikaadhimishwa hapo. Alitaka watu waone kwa macho yao shida aliyozaliwa nayo Bwana. Tarehe 1 Desemba 2019 Papa Fransisko alikwenda Greccio kuitia sahihi Barua ya Kitume Admirabile signum, akiwahimiza waamini kuidumisha desturi hiyo nyumbani na hata mahali pa kazi. Pango la sanamu za bei zilizofungiwa kabatini lisiguswe halitimizi lengo hilo. Boksi la sabuni, majani makavu ya mgomba na ng'ombe wa udongo aliyefinyangwa na mtoto mwenyewe, hata kama anafanana na mbuzi, vinalitimiza. Hori liachwe tupu mpaka usiku wa tarehe 24, ndipo mtoto mdogo kuliko wote amweke Yesu mahali pake.

Tufike kwenye fedha, kwa kuwa hapo ndipo Noeli ya wengi huharibika. Desemba ndio mwezi ambao vikoba vingi huvunja na kugawana akiba, na fedha hizo zikiingia mkononi, nguo mpya, soda na pilau huonekana kuwa haki ya mtoto. Januari inafika na ada, sare na madaftari, nayo familia inajikuta kwa wakopeshaji wa "kausha damu". Mtoto wa miaka mitano hajui bei ya gauni. Anachokijua ni kama baba na mama wanasemezana au wamenuniana. Yosefu na Maria walipompeleka Mtoto hekaluni walitoa ndege wawili, sadaka ambayo Sheria ya Musa iliiruhusu kwa wasioweza kununua mwanakondoo. Hawakukopa mwanakondoo ili majirani wa Nazareti wasiseme. Fedha ya ada ikitengwa kwanza, na nguo za mwaka jana zikafuliwa na kupigwa pasi, sikukuu haijapungukiwa.

Kisha kuna safari. Familia nyingi zenye asili ya Kilimanjaro zinazoishi Dar es Salaam na mikoa mingine hurejea nyumbani kila Desemba, na Watanzania wenzao huwatania kwamba wanakwenda "kuhesabiwa". Utani huo uko karibu na Injili ya Luka kuliko watani wanavyofikiri: Yosefu naye alitoka Nazareti akapanda mpaka Bethlehemu kuandikwa katika mji wa ukoo wake, akiwa na mke mjamzito, na walipofika hawakupata nafasi ya kulala. Ye yote aliyewahi kupanda basi Desemba akiwa na mtoto anayetapika ana sehemu yake katika simulizi hilo. Kabla ya kuondoka, baba au mama aweke ishara ya msalaba juu ya paji la uso la kila mtoto. Wazazi walei wanaweza kuwabariki watoto wao, na Kitabu cha Baraka cha Kanisa kinalitambua jambo hili.

Sikukuu ya Familia Takatifu, iadhimishwayo Dominika baada ya Noeli, mara nyingi huhubiriwa kana kwamba nyumba ya Nazareti haikuwahi kuwa na mchana mgumu. Masomo ya Injili ambayo Kanisa limeichagulia yasema vingine. Mwaka A, familia inakimbilia Misri usiku ili kumwokoa mtoto asiuawe. Mwaka B, Simeoni anamwambia mama kwamba upanga utaingia nafsini mwake. Mwaka C, mtoto amepotea, na wazazi wamesafiri mwendo wa siku nzima wakidhani yupo pamoja na jamaa. Huo wa mwisho usisomwe kwa haraka. Maria na Yosefu walikuwa wazazi wema kuliko wote, na bado katika msafara wa ndugu na majirani kila mmoja alidhani mtoto yuko na mwingine.

Hali hiyo hutokea katika nyumba ya babu na bibi inapojaa. Watu wazima ishirini wapo uani, na hakuna hata mmoja anayejua mtoto wa miaka mitatu yuko wapi: kisimani, jikoni penye sufuria la mafuta, au chumbani na mtu. Neno la mwisho lisemwe wazi, kwa kuwa kulinyamazia kumewagharimu watoto wengi. Vitanda vikipungua, watoto hulazwa po pote, pamoja na binamu mkubwa au mgeni ambaye wazazi hawajamwona miaka mitatu, na undugu unahesabiwa kuwa ulinzi wa kutosha. Hautoshi. Wazazi wapange kabla ya giza nani atalala na watoto wao. Kati ya baba na mama, mmoja asinywe, hata kama mbege ni ya babu mwenyewe na kuikataa kunaonekana utovu wa adabu. Mtoto anayekataa kukaa mapajani mwa mtu fulani asilazimishwe kwa jina la heshima, na akisema jambo, aaminiwe na kusikilizwa faraghani. Kumlinda mtoto asiyeweza kujilinda ni agizo la Mungu kabla ya kuwa desturi njema ya nyumba.

Ukoo ukikusanyika, mara nyingi huzuka wazo la kumbatiza mtoto mchanga hukohuko. Wazo ni jema, maana Kanuni ya 867 inawataka wazazi wahakikishe mtoto anabatizwa katika majuma ya kwanza, na wengine wamekwisha kungoja mwaka mzima wakitafuta fedha za sherehe ambayo Sakramenti haiihitaji. Hata hivyo lina utaratibu. Kwa kawaida mtoto hubatizwa katika parokia ya wazazi wake, na sababu ya haki ikiwapo huweza kubatizwa kwingine. Kwa hiyo paroko wa mahali mnapoishi aelezwe mapema, na barua yake ichukuliwe kabla ya safari, si kuombwa kwa simu tarehe 24 akiwa kitubioni. Msimamizi wa ubatizo awe Mkatoliki aliyetimiza miaka 16, aliyepata Kipaimara na Ekaristi, na anayeishi maisha yanayolingana na imani. Shangazi msali aliye maskini anafaa kuliko rafiki wa baba mwenye gari. Ubatizo huandikwa katika daftari la parokia ulikofanyika. Wazazi wasiondoke bila cheti, kwa kuwa baadaye Komunyo, Kipaimara na Ndoa vitaulizia ukurasa ule.

Waliochelewa na maandalizi yote haya wakumbuke kwamba Noeli haiishi jioni ya tarehe 25. Oktava yake hufika hadi tarehe 1 Januari, Sherehe ya Maria Mama wa Mungu. Ndani yake, tarehe 28 Desemba, imo Sikukuu ya Watoto Mashahidi, waliouawa na Herode kabla hawajajua kusema, nayo ni siku nzuri ya kuwasalia watoto wagonjwa na wale ambao familia ilimpoteza mmoja wao. Yafuata Epifania, na kipindi chote hufungwa kwa Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana. Pango libaki mpaka siku hiyo. Kufikia hapo familia nyingi zimekwisha kurudi, mabegi yamefunguliwa na watoto wakubwa wamerejea au wanajiandaa kurejea shule. Jioni hiyo, mishumaa iliyobaki ya Majilio iwashwe tena, vyeti vya ubatizo vitolewe ndani ya bahasha, na kila mtoto asomewe tarehe aliyobatizwa, mahali, na jina la padre aliyemmwagia maji.