Ada imelipwa, masomo ya kompyuta bado yamekwama

MFANYABIASHARA anayevusha mzigo Rusumo, Namanga au Busia anaijua adha hii: ushuru umelipwa, stakabadhi iko mkononi, lakini lori halisogei kwa sababu "mtandao uko chini". Watakaotegemewa kesho kuifanya mifumo hiyo isilale ni vijana wanaosomea sayansi ya kompyuta vyuoni. Baadhi yao ni watoto wa wafanyabiashara haohao, wanaolipiwa ada kwa faida ya mahindi, dagaa na vitenge. Bahati mbaya nao wako katika hali ya lori hilo. Ada imeshalipwa, masomo hayasogei.

Kikwazo cha kwanza ni kompyuta yenyewe. Mzazi huambiwa anunue "laptop", naye huchagua kwa bei na ukubwa wa kioo. Laptop ya mtumba yenye kumbukumbu, yaani RAM, ya gigabaiti 4 inatosha kuandika barua na kutazama filamu. Haimfai mwanafunzi anayejifunza kutengeneza programu za simu, kwa kuwa Android Studio, ambayo ndiyo programu rasmi ya kazi hiyo kwa simu za Android, inataka kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 8. Matokeo yake kijana hubonyeza, akasubiri, akaenda kuteka maji, akarudi na kukuta mashine bado inafikiri.

Betri ya mtumba nayo mara nyingi imechoka. Umeme ukikatika, mashine huzimika papo hapo na kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea. Mwanafunzi hujizoeza kuhifadhi kila baada ya mistari michache, kama dereva anayekagua kamba za turubai kila anaposimama.

Bando la usiku

Kupakua Android Studio pekee hula zaidi ya gigabaiti moja, na ukishaifungua hudai vifaa vingine vya nyongeza. Wi-Fi ya chuo mchana hugombewa na umati, hivyo wengi hununua bando la usiku ambalo ni nafuu, wakaamka saa nane watu wamelala. Mtandao ukikatika kazi ikiwa karibu kumalizika, wakati mwingine hulazimika kuanza upya huku bando limekwisha. Huyo ndiye kijana anayepiga simu nyumbani mara ya pili ndani ya wiki moja kuomba fedha, na baba akadhani mwanawe anaponda raha mjini.

Baada ya vifaa huja kazi yenyewe, na mashine haina huruma. Katika lugha za programu kama C na Java, sentensi nyingi za amri lazima zimalizike kwa nukta-mkato. Ikisahaulika moja katika mistari 500, programu nzima inagoma. Tena ujumbe wa kosa wakati mwingine huelekeza kwenye mstari unaofuata, ambao hauna tatizo lolote. Ni sawa na karani kukurudishia fomu kwa sababu ya tarakimu moja ya namba ya mlipakodi, kisha akakuonyesha kisanduku ulichokijaza vizuri. Mtu anaweza kukesha usiku kucha akitafuta alama ndogo kuliko punje ya mtama.

Amri hizo na ujumbe huo wa makosa ni wa Kiingereza. Kijana wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, au wa Bujumbura na Bukavu aliyepita katika Kifaransa, anabeba mizigo miwili kwa mkupuo. Jitihada zimewahi kufanyika. Mwaka 2004 wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, lugha zinazofundishwa vyuoni kwa ajili ya kuandikia programu zimebaki za Kiingereza.

Wakati wa mitihani, wanafunzi wengi bado huandika programu kwa kalamu juu ya karatasi, bila mashine ya kuwaonyesha walipokosea. Kazi za vikundi nazo zina kero yake: majina matano kwenye jalada, aliyekesha ni mmoja. Aliyewahi kufanya biashara ya ubia hahitaji kuelezwa zaidi.

"Si unasoma kompyuta?"

Likizoni mambo hayapungui. Mjomba ana simu iliyopasuka kioo, jirani ana king'amuzi kisichoonyesha, shangazi amesahau nywila. Wote wana kauli moja: "Si unasoma kompyuta?" Kijana akisema hajui kutengeneza king'amuzi, wazee wanaulizana ada ilikwenda wapi. Ukweli ni kwamba sayansi ya kompyuta inahusu kuandika na kupanga maelekezo ambayo mashine hufuata. Kutengeneza vifaa ni ufundi mwingine, wenye shule yake.

Kwenye mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi wa Tanzania huyaita fildi, wapo wanaomaliza wiki nzima wakitoa fotokopi na kuchapa barua za ofisi.

Hasara ya haya yote huishia mpakani. Mfumo wa forodha wa ASYCUDA unaotumika Uganda, Rwanda na Burundi ulitengenezwa na UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa lenye makao Geneva. TANCIS ya Tanzania ilijengwa kwa msaada wa wataalamu wa Korea Kusini. Mei 2017 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walitangaza jumuiya kuwa eneo la pamoja la elimu ya juu, ili wanafunzi na vyeti vyao vivuke mipaka kwa urahisi. Cheti kikivuka bila ujuzi, mifumo itaendelea kuagizwa kama nguo za mtumba.

Mzazi anaweza kuanza na yaliyo ndani ya uwezo wake. Kabla ya kununua kompyuta, amuulize mwanawe inahitaji kumbukumbu kiasi gani, na ajaribu betri hapohapo dukani kwa kuchomoa waya. Fedha ya bando itengwe mbali na ya chakula, kwani kwa masomo haya bando ni daftari.

La muhimu zaidi, ampe kazi ya kweli. Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi hutafuta tatizo la kutatua, na wengi hurudia mfumo uleule wa kuazimisha vitabu vya maktaba. Nyumbani kuna daftari la madeni lenye shilingi ya Uganda, shilingi ya Tanzania na faranga ya Rwanda, viwango vya kubadilishia vinavyopanda na kushuka kila siku, na wateja wanaosema walishalipa. Mkabidhi daftari hilo likizo ijayo, kaa naye jioni mbili umweleze jinsi deni linavyoandikwa na linavyofutwa, na mkubaliane malipo yake kama ungemlipa karani.