Saa Sita Mchana: Kuishi Siku Yenye Shughuli Nyingi bila Kupoteza Furaha ya Imani

Waamini wengi wa parokia zetu, tangu Tanga mjini na Pangani hadi Muheza, Korogwe na milima ya Usambara, wakiulizwa habari za sala hujibu jambo moja: nafasi haipo. Mama huamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua, huwaandaa watoto kwenda shule, kisha hukimbilia sokoni. Jioni ana kikao cha kikoba, na Jumamosi ana jumuiya. Kijana wa bodaboda hulala akifikiria hesabu ya tajiri ambayo hajaitimiza. Mwalimu hubeba madaftari hadi nyumbani. Wote hao wanafanya kazi halali na njema. Hatari inayowanyemelea si uchovu wa mwili peke yake, bali ni roho kupoa polepole, hata mtu akatimiza wajibu wake wote bila furaha yoyote, huku watu wa nyumbani wakibakiwa na ukali wake tu.

Uchovu wenye jina

Kanisa linaufahamu uchovu huu tangu zamani. Evagrio wa Ponto, mmonaki aliyeishi jangwani Misri na kufariki mwaka 399, aliuita pepo wa adhuhuri, akikumbuka maneno ya Zaburi ya 91. Alieleza kwamba pepo huyo humvamia mmonaki yapata saa nne na kumzingira hadi saa nane. Jua huonekana limesimama. Mtu huchungulia mara kwa mara aone kama saa tisa, saa ya chakula, imekaribia. Huanza kuichukia kazi yake, mahali anapoishi, na hata ndugu zake, akidhani kuwa hakuna ampendaye.

Mababa wa jangwani waliiita hali hiyo akedia, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki huitaja kama uvivu wa kiroho unaopingana na upendo kwa Mungu (KKK 2094) na kama kishawishi katika maisha ya sala (KKK 2733). Tusidanganywe na neno uvivu. Akedia yaweza kukaa ndani ya mtu asiyetulia hata dakika moja, kwa maana mtu aweza kukimbia kutoka shughuli hii hadi ile ili asikutane na Mungu wala na nafsi yake mwenyewe.

Saa za Biblia ni saa zetu

Hapa sisi tunaosema Kiswahili tunayo neema ya pekee. Watu wa nyakati za Biblia walihesabu saa za mchana tangu jua kuchomoza, kama tufanyavyo sisi. Wasomaji wa lugha nyingine huhitaji maelezo ili wajue kwamba saa sita ya Injili ni adhuhuri. Sisi twaelewa mara moja. Mwenye shamba la mizabibu alitoka kutafuta vibarua alfajiri, kisha saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja (Mt 20:1-16). Bwana wetu, akiwa amechoka na safari, aliketi kisimani yapata saa sita (Yn 4:6). Petro alipanda darini kusali saa sita (Mdo 10:9), na pamoja na Yohane alikwenda hekaluni saa tisa, saa ya sala (Mdo 3:1). Giza la Ijumaa Kuu lilitanda tangu saa sita hadi saa tisa (Mk 15:33).

Ndiyo maana katika Liturujia ya Vipindi Kanisa husali pia saa tatu, saa sita na saa tisa, mbali na Masifu ya Asubuhi na ya Jioni. Sala hizo hazikuwekwa kama kazi nyingine juu ya kazi. Ziliwekwa ili kuikata siku katika sehemu zinazobebeka, kama msafiri anavyotua mzigo njiani, akapumua, kisha akajitwisha tena. Aliyetua mara tatu hufika. Asiyetua kabisa huanguka kabla ya jioni.

Mwamini mlei asiyeweza kusali vipindi vyote anayo sala ya Malaika wa Bwana: asubuhi, saa sita mchana na jioni. Haimalizi dakika tano. Yaweza kusaliwa nyuma ya meza ya nyanya, kijiweni, karakanani au kandokando ya shamba. Katika mji wetu tunawaona majirani zetu Waislamu wakiacha mizani na kwenda msikitini adhuhuri, na biashara zao haziporomoki kwa sababu hiyo. Uaminifu wao utukumbushe wajibu wetu.

Mungu aliyemlisha Eliya kwanza

Nabii Eliya, akiwa amechoka na kukata tamaa, alilala chini ya mretemu na kuomba afe (1Fal 19:4-8). Mungu hakuanza kwa kumkemea. Malaika alimletea mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Baada ya hapo ndipo Eliya alipotembea siku arobaini hadi Horebu. Tusiyatafute matunda ya roho kwa kuudhulumu mwili. Kulala mapema na kula kwa wakati ni sehemu ya utii kwa Muumba. Na pale ambapo huzuni na kukosa usingizi vimeendelea kwa majuma, kumwona daktari si upungufu wa imani.

Yethro, mkwewe Musa, alimkuta Musa akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni, akamwonya kwamba atajichosha yeye na watu wake. Achague wasaidizi (Kut 18:13-27). Onyo hilo latuhusu hata parokiani. Mara nyingi mtu mmoja ni mwenyekiti wa jumuiya, mweka hazina wa chama cha kitume na mwanakwaya, huku wengine wakitazama. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nyumbani nako, kuosha vyombo na kuteka maji si kazi ya mama na mabinti pekee. Baba na wavulana nao wana mikono.

Dominika si pengo katika kipande

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893, na mashamba yake yakaujenga mkoa wetu kwa jasho la manamba waliotoka mbali. Enzi za Waingereza kibarua alipewa kadi iliyoitwa kipande: alipaswa kutimiza siku 30 za kazi ndani ya siku 42 ili alipwe. Siku ambayo hakufanya kazi haikuwa na alama. Mbele ya kadi ile, thamani ya mtu ilikuwa ni idadi ya alama zake.

Wengi wetu bado tunajihesabu hivyo, ingawa kadi zile hazipo tena. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati chatoa sababu nyingine ya kupumzika: Waisraeli walikuwa watumwa Misri, na Bwana akawatoa (Kum 5:12-15). Kwa hiyo, anayepumzika siku ya Bwana anatangaza kwamba yeye ni mtu huru. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi.

Kanisa latambua kwamba muuguzi, mlinzi au mfanyakazi wa bandari hawezi kila mara kuacha zamu yake. Mahitaji ya familia na huduma muhimu kwa jamii ni sababu halali, ila zisigeuke kuwa mazoea yanayoharibu ibada, familia na afya (KKK 2185). Mwenye zamu ya Dominika atafute Misa ya Jumamosi jioni au ya saa nyingine, na apate siku nyingine ya kupumzika na jamaa yake.

Andiko hilohilo laamuru kwamba mtumishi naye apumzike kama bwana wake. Basi, kila familia iliyo na dada wa kazi ijiulize: je, naye ana Dominika? Anapata nafasi ya kwenda kusali, kulala mchana, kuzungumza na mama yake kwa simu? Pumziko letu lililonunuliwa kwa uchovu wake si pumziko la Bwana.

Ndugu mpendwa, kwa juma hili anza na mambo matatu: sali Malaika wa Bwana saa sita mchana, mkabidhi mtu mwingine jukumu moja ulilolishikilia peke yako, na Dominika baada ya Misa kaeni mezani pamoja, simu zikiwa zimewekwa kando, na yule anayewapikia kila siku akiwa ameketi nanyi.