Ubora wa Picha Huanzia Mnarani

Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia usiku wa tarehe 31 Desemba 2012. Nairobi ikafuata Februari 2015, miezi michache kabla ya tarehe 17 Juni 2015, ambayo ndiyo ilikuwa ukomo wa makubaliano ya kimataifa yaliyofikiwa Geneva mwaka 2006. Watazamaji waliahidiwa picha safi, na picha ya dijitali ikifika nyumbani huwa safi kweli. Lakini katika analojia mawimbi yakififia, chenga ziliongezeka kidogo kidogo, na mtu aliweza kuufuata mpira hadi mwisho hata kama hasomi namba mgongoni mwa mchezaji. Katika dijitali king'amuzi hurekebisha makosa yote hadi kwenye kizingiti fulani; mawimbi yakishuka chini yake hata kidogo, picha hugawanyika vipande, hukwama, kisha kioo huwa cheusi. Nyumba iliyokuwa na chenga inaweza kukosa picha kabisa, na lawama humwangukia fundi au king'amuzi. Mimi naona lawama hiyo aghalabu huelekezwa pasipostahili, kwa sababu kizingiti hicho hupangwa na watu, tena mnarani.

Kiwango kinachotumika Tanzania na Kenya ni DVB-T2. Humo habari za picha hutawanywa juu ya maelfu ya mawimbi madogo yanayokwenda sambamba, zikiongezewa data za ziada za kurekebishia makosa. Mbinu yenyewe ya kurekebisha ilibuniwa na Robert Gallager huko MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikawekwa kando kwa takribani miaka thelathini kwa kuwa kompyuta za wakati ule hazikuwa na uwezo wa kuitumia. Aidha, baina ya fungu moja la data na jingine huachwa nafasi fupi, kama msemaji anayengoja mwangwi upoe ukumbini kabla ya kutamka neno linalofuata; hivyo mawimbi yanayogonga maghorofa na kurudi hayaharibu picha. Kiasi cha hayo yote huchaguliwa na mhandisi. Katika masafa yaleyale ya megahezi 8 anaweza kupitisha megabiti 40 kwa sekunde, zinazotosha chaneli nyingi, au takribani megabiti 7 tu, ambazo hupokelewa hata kwa mawimbi dhaifu makumi ya mara kuliko yale yanayohitajika kwa zile 40. Kila chaneli hulipia kupandishwa mnarani, kwa hiyo kishawishi cha mwenye mtambo kiko wazi: ajaze. Akijaza kupita kiasi hupoteza mara mbili, maana wa pembezoni hawapati kitu, na aliye jirani na mnara, kwa kuwa kila chaneli imebanwa mno, huona majani ya uwanja yakigeuka viraka kila kamera inapokimbia.

Watasema tatizo ni antena za watu. Kwa sehemu ni kweli. Antena ya ndani iliyofichwa nyuma ya televisheni hunyimwa mawimbi na kuta, na busta iliyofungwa karibu na televisheni hukuza mawimbi pamoja na kelele zilizokwisha kuingia njiani. Mahali pake ni juu, karibu na antena. Ndiyo maana ving'amuzi vingi huonyesha mistari miwili, wa nguvu na wa ubora, na anayezungusha antena aufuate wa ubora. Lakini antena haiwezi kufidia kila kitu. Marekani ilichagua kiwango tofauti, na mwaka 1999 kampuni ya utangazaji ya Sinclair ilifanya majaribio Baltimore na kudai kwamba kiwango hicho hakipokeleki vyema kwa antena za ndani kama kile cha Ulaya kilichotangulia DVB-T2. Mdhibiti wa huko alikataa ombi lake la kuruhusu kiwango kingine. Kiwango kipya kilichoruhusiwa huko Novemba 2017 kinatumia mbinu ileile ya mawimbi madogo mengi. Antena za watu zilikuwa zilezile. Kilichobadilishwa ni kinachotoka mnarani.

Wengine watauliza kwa nini tuhangaike na minara ilhali kuna dishi na simu. Dishi ni msaada mkubwa pale ambapo mnara haufiki, hilo sibishani nalo, ingawa mvua kubwa huikata picha yake. Simu hula bando la kila mtazamaji, na mtandao huzidiwa watu wengi wanapotazama pamoja. Mnara hautumii umeme zaidi kwa watazamaji milioni kuliko kwa mmoja, na asiye na salio hupata taarifa ya habari sawa na mwingine.

Na hatulazimiki kuchagua kati ya chaneli nyingi na picha inayofika. DVB-T2 inaruhusu mikondo kadhaa ndani ya masafa yaleyale, kila mmoja na ustahimilivu wake. Chaneli za bure zenye taarifa za habari, za mafuriko na za uchaguzi zingewekwa katika mkondo imara unaofika nyuma ya milima ya Uluguru na Usambara, na filamu za kulipia katika mkondo uliojazwa. Wadhibiti wanaweza kuliandika hilo katika leseni, wakamtaka kila mwenye mtambo atangaze mpangilio aliouchagua ili fundi wa mtaani ajue anapambana na nini kabla ya kumuuzia mtu antena nyingine.