Usimfukuze Mtoto Penye Ukili

Itaje Tibirinzi mbele ya mtoto yeyote wa Chake Chake, naye atakukumbusha sikukuu. Hapo ndipo kilipo kiwanja cha kufurahishia watoto. Siku za Idi mzazi humvisha mwanawe nguo mpya, humpa fedha kidogo za kuchezea, na jioni hurudi nyumbani akiamini kwamba ametimiza haki ya mtoto ya kucheza. Lakini sikukuu hupita. Makala hii inahusu kiwanja kingine, kisicho na kiingilio wala kisichongojea Idi: ua wa nyumba yako mwenyewe.

Tazama yaliyomo humo. Bibi amekaa barazani anasuka ukili. Kando yake pana mafungu ya ukindu, mengine meupe, mengine yamechemshwa katika rangi nyekundu, kijani na zambarau. Ukiwa ni msimu wa karafuu, jamvi limetandikwa juani na harufu imejaa mtaa mzima. Mtoto wa miaka mitatu anasogea, ananyoosha mkono. Mara inasikika sauti: "Usishike! Utaharibu!" Anajaribu tena, anaondolewa. Miaka kumi baadaye bibi yule yule analalamika kwamba vijana hawataki kusuka, na kwamba mikeka ya plastiki imeifukuza mikeka yetu majumbani. Je, ni nani aliyemfukuza mwanafunzi wa kwanza?

Wengi wetu hudhani kwamba sanaa huanza siku mtoto anaposhika penseli. Sivyo. Huanza katika milango mitano ya fahamu, kwani mkono hauwezi kuchora kitu ambacho jicho, pua na vidole havijakifahamu. Chukua mfano wa karafuu. Huwa ya kijani, kisha huanza kuwiva na kuwa na wekundu, na huchumwa kabla ua halijachanua. Ikishakaa juani siku kadhaa hugeuka rangi ya kahawia na kuwa ngumu, nayo ikivunjwa hukatika kwa sauti. Mtoto aliyeishika mbichi na kavu, akainusa na kuisikia ikikatika, amekwisha kupata somo la rangi na umbo ambalo halimo katika kitabu chochote.

Wataalamu wa malezi waliliona jambo hili zamani. Friedrich Fröbel wa Ujerumani, aliyefungua skuli yake ya watoto wadogo mwaka 1837, aliwapa watoto udongo wa kufinyanga na vipande virefu vya karatasi za rangi ili wavisuke, kimoja juu, kimoja chini. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano, alifungua nyumba ya watoto mjini Roma mwaka 1907, akawazoeza kutambua kwa vidole kilicho laini na kinachokwaruza kabla hawajafundishwa kuandika. Hapa kwetu, mpango wa skuli za maandalizi za Madrasa, ulioanza Mombasa mwaka 1986 na kufika Zanzibar mwaka 1990, ulihimiza vifaa vya kufundishia vinavyotengenezwa kwa vitu vinavyopatikana papo hapo kijijini. Basi zile karatasi za Fröbel zina tofauti gani na ukindu wa bibi?

Mzazi afanye nini? Kwanza, mtengee mtoto fungu lake dogo la ukindu mabaki, alikunje na kulifumua apendavyo. Akifikia miaka mitano au sita, mwonyeshe kusuka nyuzi tatu. Pili, mpe udongo wa mfinyanzi uliolowa, bila kumwamuru afinyange nini. Tatu, mtengenezee rangi: pika uji mzito wa unga wa muhogo, uache upoe kabisa, kisha tia manjano katika bakuli moja na mkaa uliosagwa katika jingine. Apake kwa vidole juu ya gazeti kuukuu. Mvishe nguo chakavu, maana manjano hayatoki upesi. Nne, mfumbe macho kwa kitambaa, umnusishe mdalasini, mchaichai na karafuu, naye ataje kila kimoja.

Hadhari ni lazima. Sufuria ya kuchemshia ukindu na rangi za dukani zikae mbali naye. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu hutia kila kitu mdomoni, hivyo asiachiwe peke yake punje, mbegu wala shanga. Pilipili isiwe mchezo kwa umri wowote.

Na akikuletea alichokifanya, usimwulize kwa dhihaka, "Hiki nini?" Mwambie, "Hebu nieleze." Mtoto aliyechekwa mara mbili haleti mara ya tatu.

Wahenga walinena, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ukili haurithiwi kwa damu. Hurithiwa kwa vidole, na vidole hujifunza vingali vidogo. Si kila mtoto atakayekuwa msusi au mchoraji, na wala si lazima. Lakini kila mtoto anastahili kujua kwamba mikono yake inaweza kuumba kitu. Tandika jamvi, mwite mwanao, na safari hii mwache ashike.